Vita Visipokuwepo, Askari Ale Nini?

Wanachuo wenzangu, tukisikia neno samurai wengi wetu tunaona picha moja tu: jamaa mwenye upanga, nywele kazifunga utosini, anafyeka watu kwenye filamu. Picha hiyo ina kasoro kubwa. Kwa zaidi ya miaka 200, kuanzia karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 19, samurai walio wengi kule Japani hawakupigana vita vyovyote. Walizaliwa katika ukoo wa kivita, wakachomeka panga mbili kiunoni, wakaoa, wakazeeka na kufa bila kuuona uwanja wa vita. Sasa walikuwa wanafanya nini siku zote hizo? Na swali hilo linamhusu vipi mtu aliyetoka Kintinku, wilayani Manyoni, kama mimi?

Nianze na hilo la pili. Sisi nasi tuna askari wetu wa wakati wa amani, na wengi wetu tunaosoma gazeti hili tumekuwa miongoni mwao kwa miezi mitatu. Baada ya kidato cha sita tuliitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Tumepiga kwata, tumekimbia mchakamchaka alfajiri, tumekaa lindo usiku wa manane tukipigana na usingizi, tumemwitikia afande mpaka sauti zikakauka. Kisha tukaja chuo. Kwetu sisi JKT ilikuwa kituo cha njiani, tukashuka, tukapanda gari jingine.

Lakini yupo mwenzetu ambaye alikwenda kwa kujitolea. Huyo hakuwa na chuo kinachomsubiri. Aliingia kambini akiwa na kidato cha nne, au darasa la saba, na matumaini kwamba mafunzo yale yatamfungulia mlango wa jeshi, polisi, magereza au uhamiaji. Mkataba ukaisha, mlango haukufunguka, akarudi nyumbani. Ni kijana huyo ninayemwandikia makala haya. Maoni yangu ni haya: nchi inayomfundisha kijana ukakamavu na silaha bila kumwandalia kazi ya wakati wa amani inatengeneza watu ambao Wajapani waliwaita ronin, yaani samurai wasio na bwana. Na Wajapani walijifunza kwa gharama kwamba ronin wakizidi, nyumba haina usalama.

Upanga kiunoni, kalamu mkononi

Tokugawa Ieyasu alipewa cheo cha shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani nzima, mwaka 1603. Ngome ya Osaka iliangushwa mwaka 1615, na uasi wa Shimabara ukazimwa mwaka 1638. Baada ya hapo kimya. Nchi iliyokuwa imepigana yenyewe kwa yenyewe zaidi ya karne moja ilitulia, na ikabaki na tabaka zima la watu ambao kazi yao pekee ilikuwa kupigana. Ukiwahesabu pamoja na familia zao, samurai walikuwa kama asilimia 6 ya watu wote. Hao si wachache.

Serikali iliwafanyia nini? Kwanza iliwatoa mashambani. Samurai wengi walitakiwa kuishi katika miji iliyozunguka ngome za wakubwa wao. Hawakulima, hawakufanya biashara. Walilipwa posho ya mpunga iliyokuwa ikipimwa kwa kipimo kinachoitwa koku. Koku moja ilikuwa kama kilo 150 za mchele, kiasi kilichokadiriwa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Mkubwa alipokea koku maelfu, na mdogo alipata kiasi cha kusukuma siku tu.

Pili, iliwapa kazi za ofisini. Shujaa akawa karani. Mjukuu wa mtu aliyekata vichwa Osaka alikaa chini na brashi ya wino akihesabu magunia ya kodi. Wengine walikuwa mahakimu, wasimamizi wa barabara na mito, walinzi wa malango, wazima moto wa mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo. Wengine walikuwa walimu katika shule za majimbo, na shule hizo zilifika zaidi ya 200 kabla utawala ule haujaanguka. Yaani ukitaka kumwona samurai halisi wa karne ya 18, usimtafute kwenye farasi. Mtafute kwenye foleni ya ofisi, ana faili mkononi.

Na si wote walipata hizo kazi. Nafasi zilikuwa chache kuliko watu, hivyo wengine waliingia zamu siku chache kwa mwezi na siku zilizobaki wakakaa. Posho haikupanda ilhali bei za vitu zilipanda. Samurai wa chini walikopa kwa wafanyabiashara, wakaweka rehani posho za miaka iliyokuwa bado haijafika, na usiku walikaa nyumbani na wake zao wakigundisha karatasi kwenye miavuli ili wauze. Upanga ulikuwepo kiunoni kwa sababu ndio uliokuwa kitambulisho chake, lakini mwavuli ndio uliomlisha.

Alikuwepo mwanafalsafa mmoja, Yamaga Soko, aliyeishi kati ya 1622 na 1685, ambaye aliuliza swali hili waziwazi: samurai halimi, hatengenezi kitu, hafanyi biashara, sasa anakula kwa haki gani? Jibu lake lilikuwa kwamba samurai anapaswa kuwa mfano wa uadilifu, ili mkulima, fundi na mfanyabiashara wajifunze wajibu kutoka kwake. Jibu hilo ni zuri kulisoma, na sisi tumelisikia kwa maneno yetu kambini: uzalendo, nidhamu, uvumilivu, kujituma. Silidharau hata kidogo. Ila nasema halitoshi. Mfano mzuri wa uadilifu naye ana tumbo. Na kule Japani aliyelijaza tumbo hilo alikuwa mkulima aliyetozwa kodi ya mpunga, ambaye mara nyingi alichoka akainuka na majembe kupinga.

Ronin hawazaliwi, wanatengenezwa

Nimewataja ronin. Hawa walikuwa samurai ambao bwana wao amekufa bila mrithi au amenyang'anywa jimbo. Jimbo likifutwa, watumishi wake wote walipoteza posho kwa mkupuo mmoja. Katika miongo ya mwanzo ya utawala wa Tokugawa majimbo mengi yalifutwa, na matokeo yake barabara zikajaa wanaume waliofunzwa vita, wenye panga, wasio na kazi.

Mwaka 1651 serikali iligundua njama. Mwalimu mmoja wa mbinu za kivita, Yui Shosetsu, alikuwa amewakusanya ronin ili waipindue serikali. Njama ilizimwa, viongozi wakafa. Kinachonivutia mimi ni kilichofuata. Serikali iliadhibu, sawa, lakini haikuishia hapo. Mwaka huohuo ilijiuliza hawa watu wametoka wapi. Ikaona kwamba sheria yake yenyewe ndiyo inawatengeneza: bwana aliyekuwa anakaribia kufa bila mtoto hakuruhusiwa kuasili mrithi dakika za mwisho, hivyo jimbo lilifutwa na mamia ya watu wakawa ronin. Sheria ikalegezwa. Majimbo yakapata warithi, na idadi ya ronin wapya ikapungua.

Naomba mlishike hilo, kwa sababu hoja yangu yote inasimama juu yake. Ukiona vijana wenye mafunzo ya kijeshi wananung'unika, unaweza kuwaambia wana utovu wa nidhamu, na huenda kweli wanao. Lakini mtawala mwenye akili huuliza pia ni utaratibu gani unaowazalisha.

Na sisi tuna historia yetu

Tusidhani haya ni mambo ya Japani tu. Sisi wa Ugogo tunayo ya kwetu. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita kwetu, nchi ya ukame, ambako msafara bila maji ulikuwa umekwisha. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kutumia maji, na nyuma ya hongo hiyo walikuwepo vijana wenye mikuki na ngao. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley akapita 1871, na wote walilalamika kuhusu hongo ya Wagogo. Wao waliona usumbufu. Kwa mtazamo wa kwetu ilikuwa kazi: kijana alilinda maji na mifugo, na jamii ikapata nguo, shanga na nyaya za shaba.

Kisha Mjerumani akaja na amani yake ya mtutu. Hongo ikakoma. Reli ya Kati ikapita katikati ya nchi, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu ikapoteza maana. Mkuki uliokuwa na kazi ukabaki wa kuchungia ng'ombe na wa kuchezea ngoma. Hakuna aliyekaa na vijana wale kuwauliza sasa watafanya nini. Waliambiwa walipe kodi, wabebe mizigo, wajenge reli. Na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, vyakula na mifugo vilichukuliwa na majeshi, wanaume wakachukuliwa upagazi, ikaja njaa ambayo wazee wetu waliiita Mtunya. Hadi leo jina hilo likitajwa mbele ya mzee wa Kigogo, mazungumzo yanabadilika.

Tukaja kwenye uhuru. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Hapakuwa na vita. Walidai mishahara na kuondolewa kwa maafisa Waingereza, yaani walikuwa wakiuliza nafasi yao ni ipi katika nchi huru. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo likaundwa JWTZ, jeshi ambalo lilitakiwa liwe la wananchi.

JKT yenyewe ilikuwa imeanzishwa Julai 10, 1963, na kwa maoni yangu ndilo jibu bora zaidi ambalo nchi yetu imewahi kulitoa kwa swali la Yamaga Soko. Samurai hakulima. Kijana wa JKT analima, anafuga, anajenga. Ukienda Chita kule Morogoro utakuta mpunga. Ukienda Mirerani utakuta ukuta wa zaidi ya kilomita 24 kuzunguka machimbo ya tanzanaiti, uliozinduliwa Aprili 2018. Askari anayejilisha mwenyewe hamlemei mkulima. Hapo tumewapita Wajapani wa Tokugawa, tukubali.

Na wasomi je? Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam na wenzao waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia taifa, ambayo yaliwataka watumikie miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakiwa kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza takriban 400 na kuwarudisha makwao, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ugomvi ule ulihusu msomi anadaiwa nini na nchi yake. Ni swali la haki, na Mwalimu alikuwa na hoja. Ila upande wa pili wa shilingi haujajadiliwa kwa ukali uleule: nchi inadaiwa nini na kijana asiye msomi aliyekwisha kuitumikia?

Kintinku leo

Kwa wasiopafahamu, Kintinku iko kwenye bonde, ukitoka Dodoma baada ya Bahi, kabla barabara haijaanza kupanda mlima kwenda Manyoni mjini. Reli inapita, lami inapita, malori ya kwenda Mwanza na Rwanda yanapita. Tunalima uwele, mtama, alizeti, na mpunga pale bonde linapokubali kushika maji. Tunafuga. Maji ndiyo shida iliyotusumbua miaka nenda rudi.

Katika mtaa wetu yupo babu mmoja aliyekwenda Vita vya Kagera akiwa mgambo. Vita vile vilianza Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin lilipoivamia Kagera, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Jeshi letu lilikuwa limevimba kwa kuwaita mgambo kutoka kila kona ya nchi, na baada ya ushindi maelfu walirudi vijijini. Babu huyu anasema alirudi na vitu viwili, koti na maumivu ya goti. Lakini kijijini alikuta kazi. Serikali ya kijiji ilimpa kusimamia ulinzi wa mifugo na ghala, halafu akaingizwa kwenye kamati ya maji, akajifunza kufungua na kufunga pampu ya kisima. Hakuwa tajiri, na si tajiri leo. Ila hakuna mtu Kintinku anayeuliza yule mzee ni wa nini. Pampu ikikorofisha, watoto hutumwa kwake hadi leo.

Yupo pia kaka mmoja, mtoto wa shangazi yangu. Alijitolea JKT miaka miwili. Alirudi amenyooka mgongo, anaamka saa kumi na moja bila saa ya kumwamsha, anajua kujenga kwa tofali maana kambini walijenga mabweni. Alituma maombi ya kazi kila tangazo lilipotoka mpaka umri wa kuomba ukampita. Sasa analinda ghala la alizeti la mfanyabiashara mmoja usiku, na mchana anaendesha bodaboda ya mtu. Ujenzi anaoujua haumpi kazi ya maana, kwa sababu hana cheti kinachosema kwamba ni fundi. Alichonacho ni cheti kinachosema alimaliza mafunzo ya JKT. Mkandarasi aliyepita hapa kwetu kutafuta mafundi alimwambia hicho si cheti cha fundi, akamchukua kama kibarua wa kubeba zege.

Hao ni watu wawili wa mtaa mmoja. Wote walijifunza kushika silaha kwa ajili ya nchi hii. Tofauti yao sioni kwenye moyo wala nidhamu. Tofauti ni kwamba mmoja aliporudi alikuta kuna mtu amekwisha kufikiria atafanya nini kesho yake.

"JKT si ajira"

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu limo kwenye matangazo yenyewe. Kila mwaka JKT inapoita vijana wa kujitolea inaeleza wazi kwamba haitoi ajira wala haiwatafutii vijana ajira, bali inawapa mafunzo ya uzalendo na stadi za kazi ili wajiajiri. Ni kweli, na hakuna aliyedanganywa kwa maandishi.

Lakini tuwe wakweli na sisi. Kijana huyohuyo akifungua tangazo la kazi la vyombo vya ulinzi na usalama, mara nyingi anakuta sharti au kipaumbele kwa waliopitia JKT. Tangazo la kwanza linamwambia hii si njia ya ajira, la pili linamwambia bila njia hii usisumbuke. Mzazi wa Kintinku anayeuza mbuzi wawili ili mtoto apate nauli ya kwenda kambini anasoma tangazo gani kati ya hayo mawili? Anasoma la pili. Na mimi ningesoma la pili.

Matunda ya mkanganyiko huo tuliyaona Aprili 2021, pale Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alipotangaza kuwa zaidi ya vijana 800 wa JKT wameondolewa makambini baada ya kugoma wakidai ajira. Baadaye walisamehewa na kurudishwa. Sitetei mgomo kambini. Aliyekula kiapo cha utii anajua mipaka, na jeshi linalojadiliana na kuruta wake halitabaki jeshi. Lakini kumbukeni mwaka 1651. Adhabu ni nusu ya jibu, na msamaha nao ni nusuhiyohiyo ikiwa utaratibu uliowafikisha pale umebaki kama ulivyokuwa.

Wengine watasema pesa hakuna. Hilo nalo nalijua. Ni bajeti hiyohiyo iliyosababisha mafunzo kwa mujibu wa sheria yasitishwe mwaka 1994, mpaka yaliporejeshwa mwaka 2013. Sidai kila aliyejitolea aajiriwe serikalini. Hata Tokugawa na mpunga wake wote hakuweza kuwapa samurai wote kazi, na kuwalipa watu wasiofanya kazi ndiko kulikomfilisi.

Funzo la chai na la hati

Basi nini kifanyike? Hapa tena Japani inatupa mifano miwili, mmoja wa kuepuka, mmoja wa kuiga.

Utawala wa shoguni ulianguka mwaka 1868. Serikali mpya ya Meiji ilianzisha jeshi la kuandikisha raia wote mwaka 1873, hivyo samurai hakuhitajika tena hata kwa jina. Mwaka 1876 ilikataza kuvaa panga hadharani, na posho za mpunga zikageuzwa kuwa hati za mkopo wa serikali. Yaani kila mtu alipewa karatasi yenye thamani yake, akaambiwa kwaheri. Wengi walizitumia kufungua biashara wasiyoijua, wakafilisika haraka hadi watu wakapata msemo wa kudhihaki biashara ya samurai. Mwaka uliofuata, 1877, samurai wa Satsuma wakiongozwa na Saigo Takamori, mmoja wa watu walioileta serikali hiyo madarakani, waliasi. Walishindwa, na maelfu ya watu walikufa. Somo lake ni kwamba mtaji mtupu bila ujuzi wa kazi huyeyuka, na heshima ikiondolewa bila kuwekewa kitu mahali pake huzaa hasira.

Mfano wa pili. Mwaka 1869 kundi la samurai waliokuwa walinzi wa shoguni aliyeanguka walikwenda Makinohara, uwanda mkavu ambao wakulima walikuwa wameuacha kwa kukosa maji, wakapanda chai. Hawakwenda mmojammoja. Walikwenda kama kikosi, na uongozi wao, na ardhi waliyopewa pamoja. Walipata tabu, wengine wakaacha, wengine wakaendelea. Leo Makinohara ni kati ya maeneo makubwa ya chai nchini Japani.

Uwanda mkavu, wenye shida ya maji, uliopuuzwa. Ndugu zangu wa Manyoni na Bahi, hamjausikia uwanda huo mahali?

Pendekezo langu ni la mambo matatu. La kwanza, hakuna kijana wa kujitolea atoke kambini bila cheti cha ufundi kinachotambulika, kilichopimwa na VETA kama cha fundi mwingine yeyote. Mafunzo ya stadi yapo makambini na kazi wanafanya kweli, kinachotakiwa ni kazi hiyo ipimwe na iandikwe. Kaka yangu asiwe tena fundi wa kubeba zege.

La pili, vijana warudi kama kikosi. Platuni iliyolima pamoja miaka miwili inajuana kuliko kikundi chochote kinachoundwa wiki moja kabla ya kuomba mkopo. Halmashauri zimekuwa na mikopo ya asilimia 10 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi cha waliotoka kambi moja, chenye ardhi ya pamoja kwenye bonde la mpunga na kiongozi wanayemheshimu tayari, ni mkopaji bora kuliko wengi.

La tatu, matangazo mawili yaongee lugha moja. Kama mafunzo ya JKT ni sharti la kazi fulani, basi idadi ya wanaochukuliwa kwa kujitolea iendane na makadirio ya nafasi, na kijana aambiwe mwanzoni kabisa ni wangapi kati ya mia wanategemewa kuajiriwa. Akijua, ataamua kiutu uzima.

Na sisi wa bumu?

Nimalizie na sisi wenyewe, kwa sababu ni rahisi kuinyooshea serikali kidole huku tumekaa kimbwetani. Sisi ndio tunaofanana zaidi na samurai wa daraja la juu. Tumepata kwata kidogo, tumepata kalamu nyingi, na kesho baadhi yetu tutakuwa maafisa mipango, wahasibu na maafisa vijana katika halmashauri hizohizo. Faili la kikundi cha vijana waliotoka JKT litapita mezani kwetu. Tutalifungua au tutaliweka chini ya mengine?

Serikali ya wanafunzi inaweza kuanza sasa. Likizo ndefu inakuja, na kila mkoa una wanafunzi wake hapa. Mwanafunzi wa uhasibu akiwa nyumbani anaweza kukaa na kikundi kimoja cha vijana, awasaidie kuandika katiba ya kikundi na mchanganuo wa biashara. Mwanafunzi wa kilimo awaoneshe upimaji wa udongo. Mwanafunzi wa sheria awasomee masharti ya mkopo kabla hawajatia saini. Hakuna kati ya hayo linalohitaji bajeti ya semina wala fulana za kampeni. Mimi Kintinku nimeshawataja wawili watatu nitakaoanza nao, wakiwemo na huyo kaka, ambaye amenipa sharti moja tu: nikienda nisiende na hotuba ya uzalendo, maana hiyo anayo ya kutosha.

Naomba kuwasilisha.